Magazeti Matatu, Mkimbiaji Mmoja

Duka lake ni chumba kimoja chenye mashine mbili za kopi, na moja hukohoa kwanza kabla ya kufanya kazi, kama mzee anayejiandaa kusimama. Ukifika saa mbili asubuhi utamkuta mwenyewe yuko kwenye kompyuta, miwani imeshuka puani, chai imepoa pembeni. Usidhani anachapa barua ya mteja. Wateja huanza saa tatu. Saa ile moja ni yake, na anaitumia kwa kazi ya kujitolea: yeye ni mhariri wa kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo ukiiuliza simu yako mto fulani una urefu gani, ndiyo inayokujibu.

Fungu lake ni wanamichezo chipukizi. Hakuliomba, lilimwangukia tu. Kila wiki kuna mtu anaandika makala kuhusu kipa wa miaka kumi na sita "anayetikisa dunia", au mwogeleaji aliyeshinda wenzake watatu kwenye bwawa la shule. Wahariri hujadiliana kwa maandishi, yeyote anasoma: huyu anatosha kuwemo, au bado? Kanuni yao ni nyepesi kuisema. Watu wasiohusiana na mwanamichezo huyo, wawili watatu, kila mmoja kwa macho yake, wawe wameshaandika habari zake kwa kirefu. Basi yeye hana swali jingine ila "Chanzo kiko wapi?" Limemkaa mdomoni hivi kwamba muuza matunda wa mlango wa pili akisema leo mvua itanyesha, anaulizwa chanzo. Mtaa mzima unamwita Mama Chanzo.

Lakini hana roho mbaya. Akikataa makala, huandika: "Hatujasema si hodari. Tumesema bado hajaandikwa."

Sasa, Jumanne moja alifungua orodha ya makala zilizopendekezwa kufutwa, akakutana na jina la binti wa kaka yake. Binti ana miaka kumi na saba, anakimbia mita mia nne za kuruka viunzi, na anakimbia kwelikweli. Mwandishi wa makala alijiita Mpenda Riadha, lakini sentensi ya pili ilisema, "Tangu tumboni alikuwa na haraka." Duniani kuna mtu mmoja tu anayesema hivyo, naye ni baba wa huyo binti.

Wahariri wawili walitaka ifutwe. Wawili walitaka ibaki, kwa sababu chini yake yalitajwa magazeti matatu. Wote walikuwa wakimsubiri yeye.

Saa tatu haijatimia, gari la mafunzo likasimama nje. Kaka yake ni mwalimu wa udereva. Akashuka mbiombio, mwanafunzi wake, mama mmoja mtu mzima, akabaki kwenye usukani.

"Dada, umeona?"

"Nimeona."

"Sema ibaki. Neno moja tu. Wiki ijayo kocha wa chuo cha michezo anakuja kuchagua wakimbiaji. Akikuta mtoto amefutwa, si atamwona tapeli? Nafasi imekwenda!"

"Mimi ni shangazi yake. Mwamba ngoma huvutia kwake. Siruhusiwi kupiga kura."

"Nani anajua kama ni shangazi yake?"

"Mimi."

Kaka akapiga paji lake la uso. "Magazeti matatu, dada! Lisemwalo lipo!"

"Mwalimu!" mama wa nje akaita. "Gari linarudi nyuma lenyewe!"

"Kanyaga breki!"

"Ni ipi?"

Kaka akatoka mbio, na siku hiyo hakuna aliyeuliza asili ya haraka ya binti.

Mama Chanzo akayafungua magazeti yale moja baada ya jingine. Yote, kama ile makala, yalisema kwamba binti alikimbia kilomita tano pekupeku kwenda shule kila asubuhi. Akavua miwani. Shule ile inatazamana na geti la kaka yake. Mtoto angejikwaa mlangoni kwao, angeangukia darasani. Akatazama tarehe. Gazeti la kwanza lilitoka wiki mbili baada ya makala, na mengine yakafuata. Yote matatu yalikuwa na ile "tangu tumboni". Waandishi walinakili makala ya kaka, kisha kaka akayaleta magazeti kuwa mashahidi wa makala.

Wahariri wenzake hawakuijua shule ile, wala hawakuwa wametazama tarehe. Angenyamaza, ukurasa ungebaki.

Alasiri binti akaja kutoa kopi ya fomu ya chuo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hizi kilomita tano ulizikimbia lini?"

Binti akainama. "Shangazi, uwanjani wananiita Dada Peku. Nikifunga kamba za viatu wanasema, 'Leo umehama chama?' Nilitaka kusema, lakini baba alifurahi sana. Kila mgeni anaonyeshwa simu." Akanyoosha fomu yake mezani. "Kocha akiniuliza hizo kilomita, nitamjibu nini?"

Mama Chanzo hakuandika kitu kabla ya kumwita kaka. Alimketisha mbele ya kompyuta, akamwonyesha tarehe kwa kidole.

"Lisemwalo lipo," kaka akajitetea, safari hii kwa sauti ndogo.

"Na kama halipo, umeliandika wewe."

Kaka akasoma makala yake tena kutoka juu hadi chini. "Lakini ilikuwa inapendeza," akasema.

"Inapendeza sana. Mtoto ndiye anayeibeba."

Kisha akamsogezea dada yake kibodi, akasema, "Haya, andika."

Mama Chanzo akaandika: "Mimi ni shangazi yake, sipigi kura. Tazameni tarehe." Alhamisi ukurasa haukuwepo.

Wiki iliyofuata wote watatu walikuwa uwanjani. Kocha, mwanamke mwenye kofia pana, alimwita binti pembeni.

"Nimekutafuta mtandaoni, sikuona kitu."

Kaka akafumba macho.

"Ndiyo, mwalimu. Bado," binti akajibu.

"Vizuri. Nenda kwenye mstari."

Alikimbia. Kiunzi cha saba alikigusa, kikayumba, akaendelea. Akamaliza wa pili. Kocha akatazama saa yake, akaitazama tena, akatoa kalamu.

"Unaitwa nani? Ulianza lini kukimbia?"

Kaka akafungua mdomo. Dada yake akamkanyaga mguu.

"Nyamaza," akamnong'oneza. "Mwache mtu aandike."