Ndala Mbele ya Friji

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyundo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu cha umeme ndani ya bahasha, nimevaa sketi niliyoipiga pasi mara mbili, na Msimamizi wa Karakana alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani. Karakana yetu ilikuwa Nyamagana, nyuma ya maofisi. Tulitunza umeme katika nyumba za watumishi: majiko, hita za maji, mafriji, na waya zote za ndani.

"Unaitwa nani, binti?"

"Veronika, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Majita, mzee."

"Majita kuna mchanga. Hapa kuna mawe. Chukua nyundo hiyo."

Nyundo ilikuwa ya kupigilia fimbo ya ethi, yaani ya kuushusha ardhini umeme uliovuja. Kwa wasio mafundi nieleze kidogo. Umeme hufika kwenye friji kwa waya mbili. Waya wa tatu, ule wa kijani, hauna kazi siku zote isipokuwa siku ya ubaya. Waya wa ndani ukichubuka na kugusa bati la friji, bati zima linakuwa na umeme, na waya wa kijani ndio unaoupokea na kuupeleka nje, kwenye fimbo ya chuma iliyopakwa shaba na kupigiliwa ardhini futi nne. Fimbo ikiwa fupi, umeme unabaki kwenye bati ukimsubiri mtu. Siku hizi vijana mna swichi zinazojikata zenyewe umeme ukivuja hata kidogo. Nyumba zetu hazikuwa nazo.

Msimamizi hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwenye ethi alikuwa hanyamazi. "Umeme hauna adabu, binti," alikuwa akiniambia. "Haujui bibi wala mjukuu. Usipoupa njia, utajitafutia." Alitutaka kila fundi akwaruze herufi yake kwenye klempu, kile kibanio kinachounganisha waya na fimbo. Tulipomuuliza sababu alijibu: "Ili nijue wa kumfokea." Yangu ilikuwa V.

Nilipokuwa na miezi minane kazini nilipelekwa peke yangu kwenye nyumba moja mlimani, juu ya Mkuyuni, ambako nyumba zimekaa juu ya majabali na ua mzima hauna udongo wa kutosha kuotesha mchicha. Nilipiga fimbo sehemu tatu. Kila mara ilishuka kama mkono hivi, kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole, kisha ikalia ngang'! na kurudi juu. Dawa yake niliijua. Unateremka chini kidogo, unachimba mtaro mrefu, unalaza waya mtupu wa shaba na kuufukia. Ni kazi ya nusu siku na watu wawili. Ilinibidi nirudi karakana niseme, mzee, jiwe limenishinda, naomba mtu.

Nilikuwa mwanamke peke yangu pale. Wenzangu ndio kwanza walikuwa wameanza kuniita fundi bila kucheka. Nilikaa juu ya jabali nikiwaza nitakavyoingia getini na nyuso zitakazonipokea, nikaona siwezi. Nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata fimbo juu kidogo ya udongo, nikafunga klempu kichwani na kusawazisha. Ukiitazama kwa juu, hutofautishi fimbo ya futi nne na kipande. Kile kilichobaki nilikitupa katikati ya mawe.

Kesho yake Mkaguzi alikuja na mita yake. Kabla hajafika nilikuwa nimemwagia pale ndoo nzima ya maji ya chumvi, na tena ilikuwa masika. Mita ikasoma vizuri, maana udongo uliolowa hupitisha umeme. Kwenye fomu nikaandika "fimbo, futi nne", nikatia sahihi. Msimamizi akaisoma, akanitazama juu ya miwani. "Kumbe Majita nako kuna watu," akasema.

Nilifurahi mwezi mzima. Na sitawaficha, kwa ajili ya sifa ile nilikata nyingine, na nyingine. Mpaka nahamishwa nilikuwa nimekata saba.

Nilihamishiwa Ukerewe, nyumba za watumishi karibu na ziwa, ambako fimbo ilizama kama kisu kwenye muhogo wa kuchemsha. Huko nilijifunza jambo ambalo chuoni hawafundishi: watu wana akili kubwa ya kuishi na kitu kibovu. Nilikuta jiko linalowashwa kwa koleo kwa sababu kitufe chake cha kuwashia kilivunjika siku nyingi, friji lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, na pasi inayofanya kazi ukiukunja waya wake upande wa kushoto tu. Ukimuuliza mwenye nyumba, atakwambia kifaa ni kizima. Kwa hiyo nilizoea kuingia jikoni na kuangalia watu wanavyotembea kabla sijauliza kitu. Mtu anayekizunguka kifaa chake ana jambo analokwepa.

Baada ya miaka mingi nilirudishwa Mwanza, nikakalia kiti kilekile cha Msimamizi wa Karakana. Mzee alikuwa ameshafariki. Niliwafokea vijana juu ya ethi kuliko hata yeye alivyonifokea, nao wakadhani ni ukali wa kazi. Zile saba nilikuwa nimezifunika akilini pamoja na mambo ya ujana, na kila nilipotaka kuzikumbuka nilijiambia nyumba zile zitakuwa zimekwishatengenezwa upya.

Ilibaki miezi mitatu nistaafu, kiangazi kikali, Mwalimu Ester alipopiga simu kwamba jiko lake halishiki moto. Mafundi wote walikuwa nje, nikaenda mwenyewe. Nyumba ilikuwa imeongezwa chumba na kupakwa rangi ya machungwa. Sikuitambua. Mlangoni palikuwa na kandambili za tairi, na mwenye nazo, Bibi Kabula, mama mkwe wa Mwalimu, alikuwa amepiga magoti sebuleni akideki miguu mitupu. Alikuwa amefika jana yake kutoka Bujora kuwaona wajukuu, na hakuwa mtu wa kukaa bila kazi.

Jiko lilikuwa na waya ulioungua, kazi ndogo. Lakini mbele ya friji niliona ndala za bluu, zimepangwa vizuri, vidole vikielekea mlango wa friji.

"Na friji?" nikauliza.

"Ah, friji ni zima, mama. Linagandisha mpaka basi. Linauma tu kidogo. Ukitaka kulifungua unavaa ndala, unatoa kitu chako, unazivua. Hata watoto wamezoea."

"Tangu lini?"

"Kila kiangazi. Mvua zikianza huwa linaacha lenyewe."

Kuna aina moja tu ya ethi inayofanya kazi wakati wa mvua na kufa wakati wa jua: fimbo fupi iliyosimama kwenye udongo mwembamba juu ya mwamba. Nikatazama dirishani, nikaliona jabali. Lile nililokalia.

Kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kuzima kwanza, maswali baadaye. Nimeifundisha miaka yote. Siku ile sikuzima. Nilikuwa na haraka ya kuhakikisha kwamba si mimi. Nikatoka mlango wa nyuma, nikachuchumaa, nikafuta vumbi kwenye klempu kwa ncha ya bisibisi. V ilikuwepo, imekolea kutu.

Ndipo nikasikia ndoo ikianguka ndani.

Bibi Kabula alikuwa ameingia kudeki jikoni. Ndala zilikuwa njiani, akazisogeza kando, akashika mkono wa friji ajiinue. Nilipofika mlangoni alikuwa amesimama nusu, anatetemeka mwili mzima, mdomo wazi bila sauti, kiganja kimeng'ang'ania na maji yamezunguka nyayo zake. Mwalimu Ester alikuwa anamrukia kumvuta.

"Usimguse!"

"Mama anakufa!"

"Ukimgusa mtakufa wawili! Rudi nyuma!"

Meni swichi, ile ya kuzima umeme wa nyumba nzima, ilikuwa koridoni. Nikaushika mkono wa swichi nikavuta, ukakataa, umeota kutu. Nikavuta tena. Nyuma yangu nilimsikia Mwalimu akimwita Yesu, akimwita mama, akiniita mimi, yote pamoja. Nikauning'inia ule mkono kwa mikono miwili, na miaka yangu hamsini na tisa yote juu yake, ukateremka kwa kishindo. Jikoni mtu akaanguka.

Tulimgeuza, tukamlegeza kitenge. Kwa muda ambao siwezi kuupima hakuvuta pumzi. Kisha akakohoa, akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Mmefuga nini humu ndani?" akauliza.

Hospitali walimlaza. Kiganja kilikuwa kimeungua, lakini kilichowatia madaktari wasiwasi ni moyo, ulikuwa unapiga ovyo. Jioni ile ile ndugu wakafika kutoka Bujora, na wifi yake Mwalimu akasema pale koridoni, watu wote wanasikia: "Nyumba nzima mna ndala. Mama peke yake ndiye hakuambiwa. Mlitaka nini?" Mwalimu hakujitetea. Alilia tu akisema, "Ni mimi. Nilisahau kumwambia. Ni mimi." Mumewe alikaa pembeni akiangalia sakafu.

Na mimi nilisimama palepale na mkoba wangu wa vifaa, nikanyamaza. Nimesema sitawaficha, basi na hilo ni sehemu yake. Nilirudi nyumbani nikala na kuoga. Asubuhi nilipokwenda kumjulia hali bibi, nilimkuta Mwalimu Ester nje ya geti la hospitali na begi. Ukoo ulikuwa umeamua aende kwao kwanza, watoto wabaki, mpaka ijulikane kama mama atapona.

"Usiondoke," nikamwambia. "Nipe saa moja."

Nilipanda bodaboda mpaka ile nyumba. Umeme ulikuwa bado umezimwa. Nikaishika fimbo kwa mkono mmoja, nikaitikisa, ikatoka yote bila shida. Niliivuta mwenyewe kwa mkono huu, na sijawahi kushika kitu kizito namna ile.

Wodini nilimkuta bibi ameegemea mito, ukoo umemzunguka. Nikaweka fimbo juu ya shuka.

"Hii ndiyo iliyokuwa inawalinda," nikasema. "Ilitakiwa ifike hapa," nikaonyesha kifuani kwangu. "Niliikata mimi, nilipokuwa binti, kwa sababu niliona aibu kusema jiwe limenishinda. Mwalimu hana kosa. Ndala alizoweka zimewalinda watoto wenu miaka yote hiyo dhidi yangu mimi."

Bibi Kabula aliichukua fimbo kwa mkono mzima, akailinganisha na mkono wake ulioungua, kuanzia kiwiko. Vilikuwa sawasawa.

"Nendeni mkamwite mkwe wangu," akasema. Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilitamani hata anitukane.

"Mwanangu, umekata ngapi?"

"Saba, bibi."

"Na hizo sita, nani yuko nazo leo?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mhandisi wetu, kijana wa rika la mwanangu, nikamwandikia yote na kumkabidhi kipande. Aliisoma ile karatasi mara mbili.

"Mama Vero, umebakiza miezi mitatu. Hakuna mtu angejua."

"Mwalimu Ester angefukuzwa kwake."

Alinipa barua ya onyo kali, na niliistahili. Akanipa pia vijana wawili na ruhusa ya kuchimba. Miezi ile mitatu sikukaa ofisini. Tulianza na kwa Mwalimu, mtaro mrefu chini ya jabali, waya wa shaba umelala mzima, na Bibi Kabula, aliyekwisha kupona, amekaa kwenye kigoda anatusimamia kama Mkaguzi. Alinizuia kumwaga maji kabla ya kupima. Sijui nani alimsimulia habari ya chumvi.

Sherehe yangu ya kuagwa ilikuwa na soda na hotuba. Mmoja akasema nimeacha alama kwenye nyumba nyingi za mji huu, wakapiga makofi. Nilikaa nikitazama vidole vyangu. Mpaka siku ile nilikuwa nimezipata sita, nyumba ya mojawapo imevunjwa pakajengwa duka.

Ya saba siikumbuki. Fomu za miaka ile ziliharibiwa na maji ya paa bovu. Nakumbuka tu kwamba ilikuwa mlimani, kwamba mwenye nyumba alinipa uji, na kwamba nilikuwa na haraka. Nyumba nyingi zimeuzwa tangu wakati ule, na walio ndani hawanijui. Asubuhi nyingi nafunga kitambaa, nachukua mita yangu, napanda mlima mmoja baada ya mwingine nikibisha hodi. Watu wananikaribisha, mtu mzima hafukuzwi. Ninaangalia kwanza sakafu mbele ya friji.

Kwa hiyo, wewe unayesoma hapa Mwanza, kama nyumba yako imekaa juu ya mawe na friji lako linauma kiangazi kisha linaacha mvua zikinyesha, usilizoee. Zima meni swichi, mwite fundi mwenye mita, aiangalie klempu ya nje. Akikuta V, nitafuteni. Na mpaka siku hiyo, mgeni akitaka kuvua viatu mlangoni kwenu, mwambieni aingie navyo.