Vyerehani Vilivyoshuka na Gari la Alfajiri

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipopanda juu ya stuli hapa Same, kopo la rangi mkononi, nikafuta nusu ya Upare. Bango langu lilisomeka: "Fundi vyerehani. Tunafika Upare wote." Niliposhuka, lilibaki na majina ya vijiji vichache tu. Wauza mitumba wa jirani walicheka hadi wakakaa chini.

"Fundi Nambike, Shighatini umeiuza kwa nani?" aliuliza mmoja.

"Mwache," mwenzake akadakia. "Kesho anafuta na Same yenyewe."

Sababu nilikuwa nayo.

Wakati ule nilikuwa msichana mwenye boksi moja la spana, na ufundi niliojifundisha mwenyewe kwa kufungua vyerehani vibovu na kuvifunga tena. Nilifanyia kazi pale stendi, kwenye baraza la Bi Zubeda, muuza vitambaa. Alitaka jambo moja tu kwangu: mteja wake akisema cherehani chake kimekufa, fundi aonekane pale. Nami nilikuwa sionekani. Akinipigia mtu wa Shighatini, nakwenda. Wa Nyumba ya Mungu, kule bwawani, nakwenda. Nilidhani kufika mbali ndiko kukua. Na magari yetu ya milimani unayajua: yanalala juu, yanashuka alfajiri, yanapanda mchana. Ukiyafuata kutoka huku chini, unafika jioni na huwezi kurudi hadi kesho yake. Bi Zubeda alinieleza, tena bila kupandisha sauti, kwamba akilikuta baraza tupu mara nyingine, atampa muuza viatu.

Alfajiri moja nilikuwa nashuka kutoka Mhezi, nimekaa nyuma ya dereva, Mzee Elieza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umelala tena huku? Kwani umeolewa Mhezi?"

Gari zima likacheka. Nikamwambia nilikuja kutengeneza cherehani.

"Kinauzidi mkungu wa ndizi kwa uzito?"

"Kichwa chake hakizidi."

"Basi mimi kila siku nashusha mikungu, na wewe unapanda mlima kufuata kichwa cha cherehani! Binti, gari hili linashuka na kupanda siku hiyohiyo. Tulia chini, uletewe."

Njia nzima hadi Same nilikuwa nikiyapima maneno yale. Kichwa cha cherehani unakitoa mezani kwa kulegeza skrubu na kuvua mkanda. Mshonaji akishuka nacho alfajiri, mimi ninayo asubuhi nzima, naye anarudi kwake mchana. Kwa hiyo eneo langu lingekuwa kila kijiji ambacho gari lake linalala juu, linashukia Same na kupanda siku ileile. Watu wa Shighatini na wa Nyumba ya Mungu njia yao ni ya Mwanga, na Mwanga kulikuwa na fundi mzuri. Ndipo nikachukua rangi.

Nikamwomba Mzee Elieza atangaze kwa abiria wake. Siku zikapita, hakuja mtu. Muuza viatu alianza kuja kulitazama baraza, akipima ukuta kwa macho.

Ijumaa, Mama Eliaichi wa Mhezi akashuka kwenye gari, kichwa cha cherehani kimefungwa mgongoni kwa khanga kama mtoto. Jumapili ilikuwa kipaimara, na nguo nyeupe za watoto zilikuwa hazijaisha kushonwa. Cherehani kilikuwa hakiukamati uzi wa chini.

Kabla sijakifungua, simu ikalia. Mtu wa Shighatini: darasa zima la ushonaji, vyerehani vibovu tele, nije leo. Bi Zubeda alisimama mlangoni akinisikiliza. Nikamtajia yule mtu jina la fundi wa Mwanga, nikamtakia kazi njema, nikashika spana.

Mchana gari likapiga honi. Bado nilikuwa nalinganisha sindano na kikamata uzi.

"Mama Eliaichi, twende!" konda akapaza sauti.

"Nendeni bila mimi, mkawaambie watoto wavae magunia!"

Mzee Elieza akazima injini. Nikazungusha gurudumu: mshono ukatoka umenyooka, juu na chini. Mama Eliaichi akapiga vigelegele hadi stendi nzima ikageuka.

Jumapili watoto waliingia kanisani wamevaa nyeupe. Jumatatu asubuhi nikamsikia konda: "Fundi! Njoo upokee wanao! Wamejaza viti na nauli hawalipi!" Kina mama walishuka mmoja mmoja, kila mmoja na kichwa cha cherehani mgongoni kwenye khanga. Wakati wakisubiri, waliingia dukani wakachagua vitambaa.

Bi Zubeda alitoka amejaa jasho na furaha. "Muuza viatu akatafute kwingine," alisema. "Na hiyo stuli yako nipe, wateja wangu hawana pa kukaa."

Wauza mitumba walinisaidia kubeba.

Leo, mwanangu, unataka kuandika kwenye simu yako kwamba unafika Tanzania nzima. Ngoja kwanza. Usilipime eneo lako kwa ramani wala kwa hamu yako. Lipime kwa safari ya mteja, ya kwenda na ya kurudi. Andika unakoweza kutimiza ahadi, wala usione haya likiwa dogo. Aliye nje yake mwelekeze kwa mwingine kwa moyo mweupe. Fundi wa Mwanga hadi leo ananiletea watu. Ukilitosheleza eneo lako na nguvu ikabaki, ndipo uongeze jina moja kwenye bango.

Mungu akupe mahali pa kuonekana kila asubuhi, na wateja wako awafikishe makwao kabla ya giza, kazi yao ikiwa imekamilika.