Fimbo Nje ya Mlango

Wiki iliyopita nilikwenda Hagsätra, kitongoji cha Stockholm, kutoa vitu vya marehemu mama kwenye fleti yetu ya zamani. Nilipofungua kabati la makoti, ile fimbo ikaniangukia begani. Ncha yake ya chuma haikuwa hata na kutu.

Ilikuwa ya jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mzulu aliyekimbia Afrika Kusini na kuishi Tanzania miaka kadhaa kabla ya kufika Stockholm. Nazungumzia miaka ya sabini, rafiki yangu, mimi nikiwa na miaka saba. Aliitengeneza mwenyewe: bomba la alumini badala ya mti, kichwa cha mviringo kama marungu ya kwao, mshikio uliosukwa kwa nyaya za simu nyekundu na kijani, na ncha ya chuma ya kushika barafu.

"Hii itatuzika sote," alijisifu siku moja mezani.

"Weee kaka, tunakula!" mama akamkemea.

Kila Jumamosi alikuja kwetu kula wali na maharage ya nazi. Kwa desturi yao mgeni haingii na fimbo nyumbani kwa watu, kwa hiyo aliisimamisha nje, kisha akaingia akishika ukuta kwa sababu ya mguu aliovunjwa jela. Mama alimsihi aingie nayo. Hakukubali.

Mama alinionya nisimtaje jirani kwa mtu yeyote, kwani Makaburu walikuwa bado wanamsaka. Lakini mimi nilikuwa na mdomo. Siku moja natoka kutupa taka, mwanamume mwenye glovu safi akanipa chokoleti, akaniuliza kwa upole habari za mzee mwenye fimbo. Nikamwambia kwa Kiswidi changu cha shuleni: fimbo ikiwa nje ya mlango wetu, yeye yumo ndani. Alinishukuru, akasimama akiitazama ngazi.

Jumamosi iliyofuata nyumba ilinukia nazi. Tuliisikia fimbo ikishuka ngazi, ko, ko, ikanyamaza mlangoni. Hakubisha.

"Karibu, kaka!" mama akafungua.

Fimbo ilikuwa imesimama pale pale. Mwenyewe hakuwepo, na hatukumwona tena.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaenda zao. Mama aliiacha fimbo nje mpaka Pasaka, na kila Jumamosi alimpakulia sahani yake. Mimi nilikula nimeinama.

Sasa iko kwangu, mjini Tumba. Juzi mume wangu aliitoa nje ya mlango ili aifute vumbi. Nilimfokea, nikairudisha ndani mbio, nikafunga. Aliniuliza nina nini, nikachukua kitambaa nikaifuta mwenyewe. Mama amekufa akiamini hakuna aliyesema.