Mtu Aliyeruka Ukutani kwa Koko

Uji wa muhogo ukipakwa ukutani kuwa gundi hauna harufu siku ya kwanza. Baadaye, unyevu wa Kisangani ukishauingia, unachacha taratibu, na chumba kizima kinanuka maji ya kulowekea mihogo. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya chumba cha Koko, bibi yangu, mama yake papa, mwaka nilipokuwa darasa la nne, wakati watu wazima walikuwa bado wanajikwaa na kuuita mji wetu kwa jina lake la zamani. Koko alibandika kila picha aliyoipata: Bikira Maria, Moyo Mtakatifu wa Yesu, kalenda ya misheni ambayo mwaka wake ulishapita. Katikati yao alikuwapo mzungu mmoja aliyevaa nguo ya kazi na kofia ngumu, mitungi imefungwa mgongoni, miguu ikining'inia juu ya ua wa nyumba kana kwamba amesahau kushuka.

Picha hiyo ililetwa na Tonton Lambert, mdogo wake papa, aliyepakua mizigo ya meli zilizopanda kutoka Kinshasa. Ilikuwa ukurasa wa gazeti la Kifaransa uliofungiwa sabuni. Tonton alitusomea maneno ya chini yake huku akifuata mistari kwa kidole: kwamba mitungi ile haikuwa na petroli bali maji makali ya dawa, kwamba maji hayo yaligeuka mvuke na kutoka kwa nguvu kwenye mabomba mawili, na kwamba yaliisha upesi sana, chini ya nusu dakika, kisha mtu alipaswa awe ameshagusa ardhi. Koko hakuwa na saa. Alitaka kujua nusu dakika ni kitu gani, na Tonton akamwambia ni kama Baba Yetu inayosaliwa bila haraka. Basi tangu siku hiyo sisi watoto tulifunga makopo ya maziwa mgongoni kwa kamba, tukaruka kutoka kwenye ngazi za kanisa, na Koko, ameketi kivulini na miguu yake iliyovimba, alitusalia Baba Yetu kwa sauti. Aliyekuwa bado anapiga mikono hewani kabla ya Amina alihesabiwa kuwa anaruka. Sijui furaha ile ilitoka wapi. Hakuna aliyetufundisha kutamani kuruka. Tamaa hiyo tulizaliwa nayo.

Koko naye alikuwa na sababu yake. Binti yake wa mwisho, Veroni, tuliyemwita Tantine, alikuwa ameolewa Lubunga, ng'ambo ya mto, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Kutoka kwenye ua wetu paa za Lubunga zilionekana. Lakini Koko hakuweza tena kukunja magoti aingie kwenye mtumbwi, na mtoto alikuwa mchanga mno kuvushwa kwenye upepo wa mto. Siku moja, wanawake wa mtaa wakiwa kwetu wanatwanga pondu, majani ya muhogo, mmoja wao alichungulia chumbani akauliza yule mzungu anafanya nini ukutani kati ya watakatifu. Koko akacheka mpaka akashika mbavu.

"Uyu? Uyu ni bwana yangu mupya! Kama miye niko na hii kitu mu mugongo, mbele ya kumaliza Baba Yetu niko Lubunga kwa Veroni, nabeba mutoto wake."

"Eh, Koko! Na huyu bwana akikuacha juu ya mti, utamwita nani akushushe?"

Wote walicheka. Nakumbuka michi ilisimama kwa ajili ya kicheko, kisha ikaendelea.

Kwa msomaji ambaye hakukulia kwetu, lazima niseme jambo moja. Katika mji wetu, mtu anayeruka bila ndege ana jina, na jina hilo ni ndoki, mchawi. Watu wazima wenye akili timamu, wanaopokea Komunyo, walieleza kwamba ndoki huruka usiku kwa ndege waliyoitengeneza kwa ganda la karanga, hukata mto bila kulowa, huingia kwa ndugu zao na kutoka na uhai wa mtoto. Ulimwenguni kote kuruka ni ndoto tamu. Kwetu, mtoto akiamka na kusema ameota anaruka, mama yake huacha kumsugua uso na kumtazama.

Mtoto wa Tantine akashikwa na homa. Habari ilivuka asubuhi, na kabla jua halijawa kali ikavuka nyingine kwamba amefariki. Koko alilia akiwa amekaa chini, akimwita mtoto kwa jina, mtoto ambaye hakuwahi kumwona. Papa na Tonton walikwenda mazishini, yeye alibaki. Waliporudi, papa hakumsalimia mama yake kama kawaida. Aliketi mlangoni akakwangua matope kwenye viatu kwa muda mrefu.

Maneno ya mzaha wa Koko yalikuwa yamefika Lubunga kabla yao. Sijui yalibebwa na nani, na nimeshaacha kutafuta. Wanawake waliocheka nasi waliacha kuja kutwanga. Waliopita mbele ya ua waliwashika watoto wao mikono. Kisha mchana mmoja ukoo ukakusanyika uani kwetu, wazee wa upande wa mume wa Tantine wakakalia viti vyetu vyote, na Tantine akaja, maziwa yakiwa bado yamelowesha kitambaa chake kifuani.

"Mama," akasema, "ulisema utabeba mutoto wangu?"

"Nilisema."

"Mbele ya kumaliza Baba Yetu?"

"Nilisema ivyo, mwanangu. Nilitaka kumuona."

Tonton aliingia chumbani akabandua picha, akaja nayo. "Bon, wazee, angalieni. Ni kitu ya wazungu, donc iko na maji makali mu mitungi, na ile maji inaisha mbiyo. Hata kama Mama iko nayo, angeanguka mu katikati ya mto!"

Wanaume wawili watatu walicheka. Mzee mmoja aliipokea picha, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. "Wazungu wanafanya yao mu mwangaza," akasema. "Na huyu mama, picha ya kuruka aliiweka karibu na Bikira. Kwa nini?"

Tantine hakuitazama picha. "Lambert, wewe unacheka," alisema. "Miye nilizika."

Ningetaka papa amtetee mama yake, lakini aliinuka akawasindikiza wazee. Jiwe la kwanza lilianguka juu ya bati letu juma lile lile. Papa alisubiri siku chache, akisali kuliko kawaida, kisha akamwambia mama yake kwamba angempeleka Yanonge, chini ya mto, kwa ndugu zake wavuvi, apumzike. Tonton na vijana wa bandarini walimnyanyua Koko mzima mzima, wakamketisha ndani ya mtumbwi. Kumbe iliwezekana. Alitazama Lubunga mpaka mtumbwi ulipogeuka na kufuata maji.

Aliishi Yanonge miaka kadhaa. Likizo tulikwenda kumwona, na kila jioni kwenye rozari aliwataja watoto wake mmoja mmoja, na Veroni alikuwa wa kwanza. Kwa hilo namshukuru Mungu, kwa sababu imani yangu niliipata kwenye mkeka ule na si darasani. Tantine hakwenda huko mpaka siku ya mazishi.

Nimekuwa katekista karibu maisha yangu yote, na Mungu amenivumilia. Siku hizi mjukuu wangu ananionyesha kwenye simu watu wanaoruka juu ya bahari, injini ndogo mgongoni na nyingine mikononi. Hawatumii tena maji ya dawa. Ni injini kama za ndege, zenye kelele za kutisha. Ananiambia bado mafuta yao ni ya dakika chache tu, na bei yake ni ya matajiri. Karibu maisha yangu mazima yamepita, na mtu bado anapanda kidogo na kushuka upesi. Lakini hawaachi kujaribu. Wala sisi hatujaacha: katika mahema ya sala ya mtaani kwetu leo hawashitakiwi vikongwe peke yao, bali hata watoto wanaoeleza ndoto zao. Nimehubiri juu ya jambo hilo mara nyingi. Watu huitikia amina na kwenda zao.

Tantine bado yu hai huko Lubunga. Miguu yake sasa ni ya mama yake. Amezika mume na wana, anaishi na wake za wanawe, na nimeanza kusikia yale wanayoyanong'ona. Jumapili baada ya misa navuka kumpelekea Komunyo, kisha tunakaa uani. Hatukuwahi kuzungumza juu ya mwaka ule. Jumapili iliyopita nilimfungulia video aliyoniwekea mjukuu wangu. Aliisogeza simu karibu na uso, na yule mtu akapaa kutoka kwenye mashua, maji yakitawanyika chini yake.

"Anaenda wapi?"

"Anavuka tu, Tantine."

Akaweka mkono mdomoni, akacheka kama msichana. "Ee, Mama!" Kisha kicheko kikaisha, na akabaki akitazama. "Alitaka kumuona tu. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Tantine. Alitaka kumuona."

Upande wa pili wa ua wa matete, mtu aliyekuwa anafagia aliacha kufagia. Tantine alisikia kabla yangu. Alinirudishia simu haraka, macho yake yakiwa kwenye matete.

"Zima, mutoto wangu. Zima, watatusikia."

Nikazima. Tukakaa, mikono magotini, mpaka ufagio ulipoanza tena.