Mama Dole na mkono wa kula

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha kupimia moyo, fundi cherehani mzee amelala kifua wazi, nyaya zimemzunguka. Muuguzi msaidizi anayeitwa Mama Dole anachana karatasi mashineni. Dole gumba la kulia analisimamisha. La kushoto analielekeza chini, kisha anaikazia macho karatasi.

"Mbona kimya, mwanangu? Ndiyo nimekwisha?"

"Hujaisha, baba. Tulia kwanza."

Madole hayo ndiyo yaliyompa jina, na wenzake hawachoki kumtania. Umeme wa moyo, anaeleza, una mwelekeo wake: kwa kawaida hushuka ukienda kushoto. Mstari mmoja wa karatasi huutazama kutoka mikononi, mwingine kutoka miguuni. Vilima vya mistari yote miwili vikipanda, madole yote husimama. Wa mikononi ukipinduka, dole la kushoto hushuka, na pengine moyo umeelemewa upande wa kulia.

Au nyaya za mikono zimepishana. Hapo ndipo alipofeli mtihani wa kwanza wa kupima moyo: alipewa karatasi kama hii, akatamka ugonjwa bila kusita.

"Niliona aibu sana," anasema.

Ijumaa anaurudia. Akifeli tena anarudishwa wodini, na chumba hiki anachokipenda anapewa mwingine.

Leo hatamki. Anaufuata waya kwa kidole hadi mkononi mwa mzee. Waya wa kulia umefungwa kushoto.

Akisimama mbele ya mgonjwa, kulia na kushoto humchanganya, ndiyo maana huwaambia wote, "Nipe mkono wa kula." Mzee alitoa aliouzoea.

"Baba, kwani unakula kwa mkono gani?"

"Kushoto. Na mkasi nashika huo huo. Marehemu mama alinichapa mpaka akachoka mwenyewe."

Mama Dole anacheka hadi anashikilia kitanda. Anabadilisha nyaya, anapima upya. Madole yote mawili yanasimama.

"Kwa hiyo mimi mzima?"

"Hilo atakwambia daktari. Mimi nakwambia umeme umeelekea wapi."

Nyumbani hafanyi mzaha na somo hili; hujizoeza kwa mumewe. "Mume wangu nikimwambia alale chali, anauliza kama ni mtihani," anasema.

Anakunja nyaya taratibu.

"Ijumaa simwombi mtu mkono wa kula. Nitaushika wa kulia mwenyewe. Na wakinipa karatasi iliyopinduka, kabla sijausingizia moyo wa mtu, nitauliza nani kafunga nyaya. Hata kama ni mimi."