Trekta la Baba na Mawese ya Jumamosi

Mwaka tulipomzika baba nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na shida yetu ilianza kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nilikuwa darasa la tatu. Sikurudi tena. Nakwambia mapema ili usitafute hapa maneno ya wasomi. Ninachokijua nilikisomea kwenye vyuma na kwenye mikono ya bibi yangu, na kimenifikisha.

Wiki iliyopita nilitoka hapa Rumonge nikaenda Gatete kununua chikichi, nikapita ilipokuwa nyumba yetu. Sasa pana duka la kuchaji simu. Hakuna hata doa la mafuta ardhini. Lakini pua, rafiki yangu, haisahau. Nilisimama pale katikati ya pikipiki na kelele, nikanusa mazutu, yaani dizeli, moshi, na mawese ya bibi yakichemka kwenye pipa.

Baba aliendesha trekta miaka mingi kwenye shamba kubwa la michikichi. Mwenye shamba alipoondoka alimwachia trekta lile kuukuu, ambalo zamani lilikuwa jekundu. Baba akawa anawalimia watu wa bonde, nao wanatuletea mpunga, mihogo, ndagala wakavu wa ziwani. Tulikula vizuri. Na kila Jumamosi tulilipaka trekta mawese, yeye na mimi. Kwetu mawese ni dawa ya kila kitu: ngozi ya mtoto mchanga, bawaba ya mlango, mpini wa jembe. Hewa ya ziwa inakula chuma, na chuma kilichopakwa hakiliwi. Mimi nilipaka magurudumu na matope yake, yeye alipaka juu.

Alipokufa nikapaka peke yangu, chini na juu. Nilipaka kwa bidii kuliko zamani. Sikuacha hata kona.

Baba mdogo akashika usukani, na hapo trekta likaanza tabia yake. Asubuhi linaamka vizuri, linalima mistari miwili, linakohoa, linazima. Likipumzika na kuhangaikiwa, linawaka. Mistari miwili tena, kimya. Jirani yetu, mwanamke wa maneno, alikuja mpaka ukingoni mwa shamba na kikapu kichwani akasema, "Trekta ya marehemu inamulilia mwenyewe. Muiache ilie."

Mvua za kwanza zilikuwa zinanukia milimani. Bibi alikuwa na nyonga mbovu, hawezi jembe. Bonde lisipolimwa, mwaka ule tungekula nini? Baba mdogo akachoka. "Siku ya soko lori la vyuma linatoka Bujumbura," alisema. "Fundi akishindwa mpaka hapo, ninauza. Likayeyushwe."

Wengine walisikia chuma kinauzwa. Mimi nilisikia baba anazikwa mara ya pili.

Fundi alitoka Nyanza-Lac na mfuko wa spana na tumbo kubwa. Alikaa kwetu siku tatu. Alifungua mabomba akayanyonya kwa mdomo, akatema mazutu, akasema iko hewa ndani. Alibadilisha filta. Alikaza kila boliti. Na kila mara, kabla ya kuwasha, alifungua kifuniko cha tanki akachovya kijiti apime mazutu. Trekta linawaka. "Si niliwaambia? Ilikuwa filta!" Mistari miwili: khoo, khoo, kimya. Kesho yake, "Si niliwaambia? Ilikuwa bomba!" Kimya. Wakati wa chakula alimaliza sombe na ugali, akaomba tena. Bibi akaniambia, naye fundi anasikia, "Huyu anatengeneza sahani kuliko trekta."

Ilikuwa siku ya tatu, na kesho yake soko. Trekta lilikuwa limezima kwa mara ya sijui ngapi, na mimi nimesimama karibu na tanki nikijikaza nisilie. Fundi akafungua kifuniko ili achovye kijiti chake. Nikasikia: fyuuu. Kama mtu aliyezamishwa ziwani, sasa ameibuka, anavuta hewa.

Sauti ile niliijua. Kazi yangu nyumbani ilikuwa kuwamiminia wateja mawese kutoka kwenye bidoni, yale madumu ya plastiki, na bibi kila bidoni aliitoboa kwa msumari begani, kitundu kidogo. Kitundu kikiziba, mawese yanatoka kidogo, yanakwama, bidoni inabonyea mashavu. Ukizibua, inavuta hewa hivyohivyo: fyuuu. Bibi alikuwa akisema, "Bidoni isiyopumua ni bahili."

Nikakitazama kifuniko mkononi mwa fundi. Katikati kilikuwa na kitundu, na kitundu kile nilikifahamu vizuri. Jumamosi baada ya Jumamosi nilikishindilia mawese mazito ya chini ya pipa, kwa kidole, ili mvua isimfikie baba ndani. Vumbi likakaa juu yake, pakawa pagumu kama nta. Tanki lilikuwa halipumui. Kila mara fundi alipofungua apime, alikuwa anaponya ugonjwa bila kujua, kisha anausifu mkono wake.

Ningeweza kukizibua kimyakimya, nani angejua? Lakini kifuniko kilikuwa mkononi mwa fundi, na kesho lilikuwa soko.

"Fundi," nikasema, "hapo kwenye kifuniko iko tundu. Nililiziba mimi."

"Na nini?"

"Mawese."

Baba mdogo akashika kiuno. "Mutoto wa kike huyu! Siku zote hizi tunakula moshi, kumbe ugonjwa ni wewe?" Akainua mkono.

Bibi akaita kutoka mlangoni, hata hakusimama. "Mwache, mwanangu. Alikuwa anamupaka baba yake mafuta."

Mkono ukashuka. Fundi akavunja mwiba wa mlimau, akazibua, akapuliza, akafunga. Likawaka. Mistari miwili. Mitatu. Kumi. Jua lilipogusa milima ya Kongo trekta lilikuwa bado linalima, na jirani wa maneno amesimama palepale, kikapu amekitua chini. Fundi alinipa mkono kama mtu mzima. "Murakoze, mwalimu," akanishukuru.

Lori la vyuma lilikuja kesho yake, likaondoka na baiskeli mbovu ya baba mdogo.

Mimi nikawa nabeba mfuko wa spana wa fundi yule, kisha nikawa nazishika. Walinicheka, mwanamke na grisi. Sasa wanaleta mashine zao.

Bibi hayupo, fundi hayupo, bonde letu limeota nyumba. Trekta lenyewe lilikufa kifo chake, kwa uzee, si kwa lori. Sauti yake asubuhi, ikiita bonde zima liamke, watoto wangu hawaijui.

Leo nina mashine mbili za kukamulia mawese. Nina nyumba ya matofali, vyumba vitano. Nina ng'ombe wanne, michikichi ya kutosha, karakana yenye mlango wa chuma. Na nina kifuniko kimoja cha tanki, kisicho na tanki. Kila Jumamosi nakipaka mawese. Kitundu nakizunguka.