Goti Lililokataa Kunyooka

Kabla ya mwaka ule nilidhani majeraha ya mpira nayajua yote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lodwar, na jioni ni kocha wa timu ya wanawake inayochukua wachezaji wa mjini kwetu na wa kambini Kakuma. Viwanja vyetu ni mchanga juu na ardhi ngumu chini, basi vifundo vya miguu vinateguka kila mara, misuli ya paja inavutika, na miba ya mgunga inapenya hata soli ya njumu. Dawa yangu ilikuwa ile ile kwa wote: maji baridi, kitambaa, na maneno makali. Wachezaji waliniogopa, nami sikuona ubaya wowote.

Mshambuliaji wetu ndiye pekee ambaye hakuniogopa. Alikuwa binti wa Sudan Kusini, mrefu kuliko mabeki wote, siku za kazi anauza mitumba sokoni kambini, Jumapili anaimba kwaya. Mpira ulikuwa wake hasa. Alipenda kuupokea akiwa ameligeuzia goli mgongo, beki akimpumulia shingoni, kisha anageuka ghafla na beki anabaki akitafuta alikokwenda. Nimefundisha wachezaji wengi, na sijaona mwingine wa kugeuka vile.

Siku aliyoumia hakuguswa na mtu. Tulikuwa Kakuma, mpira ukamfikia, akageuka kama kawaida yake, mguu ukazama mchangani na mwili ukaendelea kuzunguka. Nilisikia mlio nikiwa nje ya mstari. Akakaa chini, akashika goti kwa mikono miwili.

"Kocha, hakuna mtu amenigonga," aliniambia nilipomfikia. Alionekana kushangaa zaidi ya kuumia. "Goti imetoka, imerudi. Kalas, basi."

Jioni hiyo goti lilivimba hata likapoteza umbo lake. Baadaye uvimbe ukashuka, akaanza kutembea, tukadanganyika kwamba amepona. Kumbe goti lilikuwa linamtoroka. Akigeuka tu sokoni na furushi la nguo, linaachia, naye anajikuta chini katikati ya wateja wake. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta daktari bingwa wa mifupa, na ruhusa ya binti kutoka kambini ilipopatikana akaja Lodwar, siku ambayo bingwa kutoka Eldoret alikuwa kliniki.

Niliingia naye nikiwa nimejiandaa kueleza kila kitu. Daktari alinikaribisha kiti, akanisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia yeye.

"Unacheza nafasi gani?"

"Namba tisa."

"Nionyeshe ulivyogeuka. Polepole."

Akasimama akamwonyesha, na daktari akatazama miguu yake kwa makini kama mtu aliye uwanjani. Halafu akamlaza, akakunja goti, akalivuta mbele kwa mikono miwili, akafanya vivyo hivyo kwa goti zima, akayalinganisha. Picha ya MRI ilikuja kuthibitisha tu alichokijua tayari kwa vidole: kano ya ndani ya goti, ile inayozuia mfupa wa chini usitoke mbele, ilikuwa imekatika. Hakupamba maneno. Alimwambia anaweza kuishi bila kano ile akiuza nguo na kutembea taratibu, lakini kugeuka uwanjani hawezi. Akitaka kugeuka, itabidi apasuliwe, ichukuliwe kano ya nyuma ya paja lake mwenyewe na kupitishwa ndani ya goti, na baada ya hapo ni miezi mingi ya mazoezi.

"Nataka kugeuka," alisema.

Upasuaji ulifanyika Eldoret. Akarudi na matobo machache yaliyoshonwa, magongo mawili, na agizo la kuwa karibu na fizio. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa Lodwar, kwa hiyo nikamchukua kwetu Nawoitorong, ninapoishi na wazazi wangu.

Mama yangu alimpokea kama binti aliyerudi kutoka mbali. Na mama yangu akikupenda, huwezi kupumua. Alimtandikia kitanda uani kwenye kivuli, akaweka mto chini ya goti. Nilipotoka shule siku iliyofuata mito ilikuwa miwili, na juu yake shuka lililokunjwa. Majirani walioingia kumjulia hali, kila mmoja akisalimu kwa "ejok", waliona vibaya kuja mikono mitupu, basi wakaleta vya kuongezea: sweta, blanketi, khanga iliyoviringishwa. Mgonjwa alikuwa amepanda juu kama malkia, goti limekunjwa vizuri, maumivu hayapo. Mimi mwenyewe nilisifu.

Barafu tuliipata kwa wauza samaki, ile wanayopakia samaki kutoka ziwani. Goti lilipoa sawasawa, ila lilinuka samaki hivi kwamba paka wa mtaa mzima walihamia kwetu. Yeye alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa siku hizo nilidhani mambo yanakwenda vizuri.

Fizio alikuwa dada mdogo wa umbo mwenye sauti kubwa. Alipomlaza kwenye meza yake, akapitisha kiganja chini ya goti, kiganja kikapita na nafasi ikabaki.

"Nani anamwekea mto?" aliuliza.

Nikamwambia kwa fahari kwamba nyumbani kwetu ana mito mingi.

"Itoeni yote. Leo!"

Alitueleza pale pale, na hakupunguza sauti. Goti lililopasuliwa likistareheshwa limekunjwa, linashika hapo hapo. Ndani yake kunajaa makovu, na mguu usionyooka hauwezi kukimbia, unachechemea tu. Bingwa alikuwa anarudi Lodwar mwisho wa mwezi. Akikuta mguu umekunjika atalazimika kumrudisha chumba cha upasuaji, na kama mara ya pili ikishindikana, habari za mpira tuzisahau. Kilichotakiwa ni kinyume cha mito: kisigino kiinuliwe juu ya kitu kigumu, goti liachwe likining'inia wazi, uzito wake wenyewe ulishushe.

Tulirudi nyumbani kwa tuktuk. Mgonjwa wetu alikaa mbele kando ya dereva, ameshika mguu wake, anatazama barabara. Niliogopa kumwangalia, kwa sababu nilijua akilia nami nitalia.

Mama alipoambiwa mito itoke alinung'unika kwamba hao madaktari hawana mama. Tukaanza kutafuta kitu cha kuwekea kisigino. Tofali lilimchubua. Debe la mafuta liliteleza. Jiwe lilipata moto wa Lodwar mpaka akaruka. Kila mara kisigino kilipoponyoka, goti lilishtuka, naye aliuma kona ya khanga asipige kelele. Dakika chache tu, anaomba tuache. Mguu ulikuwa haushuki hata kidogo.

Baba yangu alikuwa anatazama yote haya kutoka kivulini kwake. Alikuwa amekuja kutoka Lorugum kutibiwa macho, na macho yalipopona akabaki ili apate kulalamika kuhusu mji. Alikuwa amelala chali kichwa juu ya ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho, akikikalia mchana na kukilalia usiku. Ile ya baba ilikuwa imeng'aa kwa miaka ya kichwa chake na kuingia bonde katikati. Kwetu mwanamke hakalii ekicholong ya mwanamume. Mama ameishi naye miaka yote hiyo na anaisogeza kwa ufagio.

Baba akainuka, akaja nayo, akaiweka mbele ya kitanda.

"Apa!" nilimwita baba yangu. Mama alishika mdomo.

"Nini?" baba akajibu kwa Kiturkana, kwa hasira ya mtu anayeona haya. "Nimesema mwanamke asikalie. Nani aliwahi kusema habari za kisigino?"

Kisha akamgeukia mgonjwa kwa Kiswahili chake cha mnadani: "Wewe weka mguu. Hii goti iko kama ya ngamia, ile tunafunga isitoroke. Fungua."

Kisigino kiliingia kwenye lile bonde kana kwamba limechongwa kwa ajili yake. Hakikuteleza wala kuchubuka. Yule binti alifahamu alichopewa, maana alishaishi Turkana muda wa kutosha. Aliinamisha kichwa akasema, "Asante, mzee," akashika kingo za kitanda.

Nilichokiona siku zilizofuata sijui kama ningekiweza mimi. Asubuhi, mchana na jioni alilaza kisigino pale na kuuacha mguu ujishushe, jasho likimtoka kidevuni, akiimba nyimbo za kwaya kwa meno yaliyobanwa. Baba alikaa chini kando yake, mchangani, akimkemea. "Bado! Wewe hapana danganya mimi. Bado!" Naye alimjibu, "Mzee, malesh, nisamehe, nakufa." "Kufa, lakini mguu iko imenyooka," baba alisema, na wote wawili wakaangua kicheko, na kicheko chenyewe kikamuumiza binti. Wakati wa kulala baba aliviringisha koti lake akaliweka kichwani, na asubuhi akaitangazia nyumba nzima jinsi shingo ilivyomuuma. Hakuidai ekicholong hata mara moja. Nilimpenda baba yangu mwezi ule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Bingwa alipokuja, alimlaza, akatazama miguu yote miwili kutoka upande wa nyayo, akaleta kiganja chini ya goti. Hakikupita. Akajaribu vidole. Havikupita.

"Umefanyaje?" alimuuliza.

Akamweleza. Daktari alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka, akaomba aletewe siku moja akione hicho kigoda. Fizio, mwenye sauti kubwa, alikuwa dirishani anajifuta macho.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ndefu isiyo na hadithi: kutembea, kupanda ngazi, kuchuchumaa, kukimbia moja kwa moja kwenye mchanga wa mto Turkwel, kisha kukimbia kwa kukata kona. Fizio hakumruhusu mpira mpaka mguu ulioumia uliporuka mbali sawa na mwenzake. Mimi, kocha mkali, ndiye niliyekuwa nikimsihi apumzike.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Kakuma, dhidi ya timu ya kambini. Mabeki waliomkabili siku ile walikuwa majirani zake, mabinti wa Kongo na Burundi na wa kwao Sudan Kusini, wote wakijua habari za goti na magongo yake. Mpira ulipomfikia, walirudi nyuma. Ulipomfikia tena, wakampisha kama wanavyompisha mama mjamzito, na umati ukapiga makofi kwa huruma. Nami nilipiga makofi.

Yeye akasimama. Akaweka mguu juu ya mpira katikati ya uwanja, akawatazama mmoja mmoja.

"Mnafanya nini? Mimi si mgonjwa. Nichezeni!"

Mchezo ulipoendelea, akaupokea mpira tena akiwa ameligeuzia goli mgongo, na safari hii beki mmoja, msichana wa Kongo mwenye mabega mapana, akaja kweli. Yeye akageuka. Wakagongana, akaanguka kwa ubavu, vumbi likawafunika wote wawili. Nilikuwa nimeshaingia uwanjani nikipiga kelele, sijui hata kwa lugha gani, beki wa watu amesimama mikono kichwani anaomba msamaha.

"Kocha, toka uwanjani," alisema kutoka chini.

Nikatoka. Akanyanyuka bila kushikwa, akajikung'uta mchanga, akamshika yule beki mkono akautikisa.

"Sasa umenicheza," alimwambia. "Njoo tena."

Na yule beki akaja tena.